Bodi yangu imekufa, ya mama bado inafua: jibu kwa msomaji

Swali

Shikamoo mtaalamu. Mama yangu ana mashine ya kufulia ya ile aina ya swichi ya kuzungusha. Aliinunua kabla mimi sijaanza shule, na mpaka leo inafua. Yangu ya vitufe vya kugusa haijatimiza miaka mitano na imezima ghafla. Fundi amesema bodi ya elektroniki inayoiendesha imekufa, na bodi mpya inakaribia nusu ya bei ya mashine nzima. Mama anahamia kwa kaka yangu na amesema nikiitaka yake nikaichukue. Mume wangu anasema huko ni kubeba chuma chakavu, na kwamba watu wanasifia vyombo vya zamani kwa sababu wanaukumbuka ujana wao. Je, ni kweli vilikuwa imara zaidi? Na nichukue ya mama au ninunue mpya?

Jibu

Marahaba, binti yangu. Nguo zinakusubiri, kwa hiyo jibu fupi nalitanguliza: kabla hujanunua mpya na kabla hujaikubali ya mama, mpe fundi wa elektroniki ile bodi iliyokufa aichunguze. Kukuambia "bodi imekufa" ni kukutajia mahali panapouma. Ugonjwa wenyewe bado haujatajwa.

Kwenye swali kubwa, wewe na mumeo kila mmoja ameshika upande mmoja wa ukweli. Nimefungua mashine za aina zote mbili kwa miaka mingi, na sikubali kwamba vyombo vya zamani kwa jumla vilikuwa imara kuliko vya leo. Vilikuwa vinafunguka. Fundi aliviona vilivyounganishwa, akakigusa kilichochakaa, akakitoa, akatia kingine. Tunachokililia ni hicho, na kimepotea kwa sababu kadhaa ambazo elektroniki ni mojawapo tu, tena pengine siyo kubwa.

Itazame mashine ya mama. Nyuma ya ile swichi kubwa ya kuzungusha kuna taima. Ndani yake mna mota ndogo inayozunguka kwa mwendo usiobadilika, ikifuata mapigo ya umeme wa nyumba. Mota inasukuma gia, gia zinapunguza mwendo, mpaka mhimili wa mwisho unasogea hatua moja tu kila baada ya muda. Kwenye mhimili huo yamepangwa magurudumu ya plastiki bega kwa bega, kila moja lina vinundu na mabonde kwenye ukingo wake, na juu ya kila gurudumu umelalia ulimi mwembamba wa shaba. Kinundu kikifika, ulimi unainuka, unagusa mwenzake, umeme unapita na pampu inaanza kuvuta. Bonde likifika, ulimi unashuka na pampu inanyamaza. Ule mlio wa "tak" unaousikia ukiwa chumba cha pili ni mhimili umeruka hatua. Programu nzima ya kufua, kusuuza na kukamua imechongwa kwenye kingo za magurudumu hayo, na mtu mwenye subira anaweza kuisoma kwa macho.

Maji nayo yana hila yake. Kutoka chini ya pipa unapanda mrija mwembamba hadi kwenye kisanduku cha duara kilichofungwa juu. Maji yakijaa, hewa iliyonaswa ndani ya mrija inabanwa, inasukuma kiwambo cha mpira, kiwambo kinabonyeza swichi, na valvu ya maji inafunga. Hakuna anayepima chochote, hewa inajipima yenyewe. Mrija huohuo, kwa taarifa yako, umo hata ndani ya mashine yako ya kisasa. Kwenye nyingi kilichobadilika ni kwamba mahali pa swichi pamewekwa sensa inayoipelekea bodi taarifa.

Muundo huo unazaa tabia ambazo mama yako anazijua hata kama hajawahi kuona taima kwa macho. Umeme ukikatika katikati ya kufua, mhimili unasimama pale ulipo; umeme ukirudi, kazi inaendelea. Mashine nyingi za bodi nazo zimefundishwa kukumbuka, ila si zote. Ukitaka kuruka hatua, unazungusha swichi kwa mkono. Hakuna anayekukatalia wala kukuandikia herufi na namba kwenye kioo. Na jambo ambalo mafundi tunalithamini kuliko yote: mashine ya aina hiyo hukohoa kabla ya kuugua. Mkanda ukilegea unapiga kelele, brashi za mota (vipande vya kaboni vinavyoipelekea mota umeme) zikiisha kunatoka cheche na harufu, beringi ikichoka inanguruma wiki nyingi kabla ya kufa. Mwenye nyumba anapata muda wa kutafuta fundi na kutafuta pesa. Bodi haina adabu hiyo. Jana ilifua, leo imezima, na ukiigonga haikujibu.

Sasa tuje kwenye bodi yako. Umeme wa ukutani unaingia kwenye kona moja, pale penye kapasita (vihifadhi vidogo vya umeme) za mviringo zilizosimama wima. Hapo chipu ndogo inaukatakata na kuushusha, mara nyingi hadi volti 12 za kuvutia rilei (swichi zinazovutwa kwa sumaku ya umeme) na volti 5 za kulishia kompyuta ndogo iliyo katikati ya bodi. Rilei ndizo zinazowasha hita na vifaa vingine vinavyokula umeme mwingi. Ile kompyuta ndogo, ambayo watu wanaiogopa kana kwamba ndiyo yenye mkosi, mara nyingi ni ya mwisho kufa. Kinachokufa ni mambo ya kawaida kabisa: chipu ya kushushia umeme imepasuka baada ya umeme kupanda ghafla, mguso wa rilei umeungua, lehemu kwenye mguu wa kifaa kizito imefanya ufa kwa joto na mtikisiko, au kapasita imekauka.

Hii ya kapasita inafaa tuikalie kidogo, kwa sababu ndani yake kuna jibu la nusu ya malalamiko ninayoyapata. Kapasita za aina hiyo zina majimaji ndani, na majimaji hayo hukauka taratibu. Watengenezaji wake huzipa umri kwenye karatasi: kwa mfano saa 2,000 kwenye joto la nyuzi 105. Kanuni ambayo wahandisi huitumia ni kwamba joto likipungua kwa nyuzi 10, umri unaongezeka maradufu. Haya, tupige hesabu. Kapasita hiyo ikikaa kwenye nyuzi 65, umri unazidishwa kwa mbili mara nne, unafika saa 32,000. Mwaka una saa 8,760. Mashine iliyochomekwa usiku na mchana, hata kama haifui, ile kona ya umeme iko kazini; saa 32,000 ni miaka mitatu na nusu na kidogo. Kapasita hiyohiyo ikikaa kwenye nyuzi 45 inafika saa 128,000, yaani zaidi ya miaka 14. Kifaa ni kilekile, bei ni ileile, tofauti ni nyuzi 20 za joto.

Mhandisi aliyechora bodi yako aliijua hesabu hiyo vizuri kuliko mimi. Angeweza kuchagua kapasita ya saa 10,000 kwa nyongeza ndogo sana ya gharama. Pengine alitaka, pengine mtu wa mahesabu alimkatalia, kwa kuwa senti chache zikizidishwa kwa mashine milioni zinakuwa fedha. Hapo ndipo ninapokasirika mimi, na wala sikasirikii elektroniki. Bodi iliyotengenezwa kwa vifaa vizuri na kuwekwa mahali penye hewa inaweza kuishi miaka mingi. Halafu wewe mwenyewe una la kufanya: mashine ikimaliza kufua, ichomoe. Unaiondoa bodi kwenye joto la saa zote, na unaiepusha na ule umeme unaopanda usiku wakati nyumba imelala.

Mumeo naye tumpe haki yake. Mashine ya mama unaiona kwa sababu imebaki. Wenzake waliotoka kiwandani mwaka ule, waliopasuka pipa, waliooza kwa kutu, walioungua mota, walishaondoka zamani na hakuna anayesimulia habari zao. Sisi mafundi tunazijua, kwa kuwa ndizo tulizozivunja tupate spea za kuwaponyesha waliobaki. Mashine moja iliyodumu inakuambia kwamba kudumu kuliwezekana. Haikuambii ngapi zilidumu. Na hiyo iliyodumu uichunguze vizuri: mara ngapi imebadilishwa mkanda, brashi, pampu? Watu husema "haijawahi kusumbua" wakimaanisha kwamba ilisumbua, ikatengenezwa kwa gharama ndogo, wakasahau.

Hata hivyo malalamiko yenu si ndoto tupu. Ujerumani, taasisi ya Öko-Institut ilichunguza suala hili kwa niaba ya idara ya mazingira ya serikali. Iligundua kwamba kati ya vyombo vikubwa vya nyumbani vilivyobadilishwa, sehemu ya vile vilivyoharibika kabla ya kutimiza miaka 5 ilipanda kutoka asilimia 3.5 mwaka 2004 hadi asilimia 8.3 mwaka 2012. Kupanda huko ni zaidi ya maradufu. Uchunguzi huohuo ulionyesha pia kwamba karibu theluthi moja ya vyombo vikubwa vilivyobadilishwa vilikuwa vizima. Wenyewe walitaka kipya tu. Kwa hiyo viwanda vina lawama, na sisi wanunuzi tuna yetu.

Kuna kifo kingine cha mashine za kisasa ambacho hakihusiani na bodi kabisa, na ningependa mumeo akisome taratibu. Ni kifo cha beringi. Zamani pipa la nje la mashine nyingi lilikuwa vipande viwili vilivyobanwa kwa skrubu au kwa pete ya chuma. Beringi ikichoka, fundi alifungua, akaigonga itoke, akapachika nyingine na sili mpya, akafunga. Spea yenyewe ni rahisi. Kwenye mashine nyingi za leo, nusu mbili za pipa la plastiki zimeyeyushwa pamoja kiwandani, hazina skrubu hata moja. Beringi ileile ikichoka, unauziwa pipa zima pamoja na dramu yake, na bei inakaribia mashine mpya. Wapo mafundi wanaolikata pipa kwa msumeno, wakabadilisha beringi, kisha wakatoboa matundu ya skrubu kuzunguka ukingo na kuliziba kwa silikoni. Kazi hiyo ikifanywa kwa uangalifu inashika, lakini ebu fikiria: tunatumia msumeno kurudisha skrubu zilizoondolewa makusudi.

Na beringi ya leo inabebeshwa kuliko ya jana. Nguvu inayoivuta dramu nje wakati wa kukamua inakwenda kwa mraba wa mwendo. Mashine inayokamua kwa mizunguko 1,400 kwa dakika inaibebesha beringi mara nne ya ile ya mizunguko 700, dramu na nguo zikiwa sawa. Faida yake unaiona: nguo zinatoka karibu kukauka. Gharama inalipwa na chuma kidogo cha duara nyuma ya pipa. Hapo hakuna bodi, hakuna chipu, hakuna intaneti. Ni chuma na plastiki, kama enzi za mama.

Ndiyo maana nasema kulaumu elektroniki ni kulaumu jirani wa mwizi. Ukiunganisha pipa kwa kuliyeyusha, ukaimwagia bodi utomvu mgumu usiopenyeka kwa ncha ya kulehemu, ukaficha michoro ya umeme, ukauza bodi nzima badala ya rilei moja, basi hata taima ya gia ungeifanya isitengenezeke. Utomvu huo una sababu yake nzuri, unazuia unyevu na sabuni. Michoro kufichwa sijawahi kusikia sababu yake nzuri. Tena nyongeza ya siku hizi: bodi mpya kwenye baadhi ya mashine haifanyi kazi mpaka iingizwe programu ya modeli yako, na kifaa cha kuingizia programu anacho wakala peke yake.

Utaniuliza kama viwanda vinafanya njama. Njama ya kweli iliyowahi kuthibitishwa ipo, ya balbu. Desemba 1924 watengenezaji wakubwa wa balbu walikutana Geneva, wakaunda umoja ulioitwa Phoebus, wakakubaliana balbu ya kawaida isizidi saa 1,000. Waliokuwa wakitengeneza za kudumu zaidi walitozwa faini. Umoja huo ulivunjika Vita Kuu ya Pili ilipoanza. Watu wanaotaja habari hiyo huiweka pamoja na ile balbu maarufu ya kituo cha zimamoto cha Livermore, California, inayowaka tangu mwaka 1901. Ni kweli inawaka. Ila inatoa mwanga wa takriban wati 4, hafifu kiasi kwamba huwezi kusomea. Uzi wa balbu ukiwaka kwa joto la chini unadumu sana na unatoa mwanga kidogo kwa umeme unaokula. Kwa hiyo saa 1,000 zilikuwa uroho na zilikuwa pia uhandisi, na kuvitenganisha viwili hivyo kunahitaji uangalifu. Kwenye mashine za kufulia mimi naona zaidi ubahili kuliko njama. Zamani mashine ilinunuliwa kwa mshahara wa muda mrefu, na ujira wa fundi ulikuwa kitu kidogo ukilinganisha. Siku hizi mashine imeshuka bei na saa ya fundi imepanda. Mzani huo ukishageuka, kiwanda hakina haja ya njama.

Kuna chombo kimoja ambacho sitaki ukirithi kwa mapenzi: friji kuukuu. Themostati yake inapendeza, nakiri. Ni mrija wa shaba mwembamba uliojazwa gesi; ubaridi ukiongezeka gesi inasinyaa, kiputo cha bati kinarudi nyuma, swichi inaachia na kompresa inapumzika. Lakini friji haipumziki mwaka mzima, na hapo hesabu inageuka. Nchini Marekani, friji ya wastani ya katikati ya miaka ya 1970 ilikula uniti 1,800 hivi kwa mwaka. Ya leo, tena kubwa zaidi, inakula chini ya theluthi ya hizo. Mabadiliko yalitokana na povu la kuzuia joto lililo bora kuliko pamba ya kioo, gasketi za mlango zinazoshika, kompresa nzuri, na viwango vya lazima vya serikali. Kompresa za inveta, zinazopunguza mwendo badala ya kuzima na kuwaka, zimeongeza hapo. Bodi inayoendesha kompresa hiyo inafanya kazi ya kweli, na inakulipa kila mwezi kwenye umeme. Halafu kuna gesi: friji nyingi za zamani zilijazwa R-12, mojawapo ya gesi zilizokuwa zikila tabaka la ozoni, ambazo Mkataba wa Montreal wa 1987 ulianza kuziondoa. Ikivuja leo, kuijaza tena kwa gesi ileile ni taabu.

Usalama nao haukuwa mzuri kama tunavyosimuliana. Vikausha nywele vya zamani vingine vilikuwa na asbesto ndani, madini ambayo vumbi lake hudhuru mapafu. Friji za komeo la nje zilinasa watoto waliojificha ndani wakicheza, mpaka Marekani ikatunga sheria mwaka 1956 kulazimisha milango inayofunguka kwa kusukumwa kutoka ndani. Mashine za kukamulia nguo kwa magogo mawili zilivunja mikono. Tusizichangamkie zote.

Upande wa pili, kuna vyombo ambavyo ufundi wa zamani haujapitwa, na watu hawajui kwamba bado wanautumia. Birika lako la umeme linazima maji yakichemka kwa sababu mvuke unapita kwenye kitundu, unapasha kidude cha metali mbili zilizogandamizwa pamoja, moja inatanuka kuliko nyingine, kidude kinapinduka "tap" na kukata umeme. Pasi nyingi ndivyo zinavyojidhibiti. Sufuria ya umeme ya kupikia wali iliyotoka Toshiba mwaka 1955 ilitumia akili hiyohiyo: maji yakiwepo joto haliwezi kupita nyuzi 100 na kidogo, yakiisha joto linapanda ghafla, na metali mbili zinakata umeme. Sufuria za bei rahisi za leo zinatumia sumaku inayopoteza nguvu yake joto likifika kiwango fulani. Ule mlio wa swichi kudondoka ndiyo sumaku imeachia. Huhitaji chipu kujua kwamba wali umeiva. Kwa hiyo nikiona birika lenye kioo cha kugusa na Wi-Fi, naona bodi iliyowekwa karibu na mvuke bila sababu, na ninajua itanifikia mezani.

Hiyo ndiyo kanuni yangu ya kununua, ukiitaka: uliza bodi inafanya kazi gani. Kama inaendesha mota bila brashi au kompresa kwa mwendo unaobadilika, inastahili kuwepo. Kama inawasha tu kitu ambacho swichi ingewasha, nunua chenye swichi. Na vitufe vya kugusa kwenye kioo kilaini vina dhuluma yake: mtu asiyeona aliweza kuhesabu "tak" za swichi ya kuzungusha na kuhisi alama kwa kidole, lakini kioo hakimwambii lolote.

Turudi nyumbani kwako. Kwanza bodi. Mtafute fundi anayetengeneza bodi kwa kubadilisha kifaa kimojakimoja, si anayezibadilisha nzimanzima. Mafundi wa televisheni na wa inveta mara nyingi wanaiweza kazi hii. Mwombe apime volti 12 na volti 5 kwanza. Zisipokuwepo, tatizo liko kwenye kona ile ya umeme, na vifaa vyake ni vya bei ndogo. Akibadilisha kapasita, aweke za nyuzi 105 na za saa nyingi. Volti zikiwepo na kompyuta ndogo haijibu, hapo pole, bodi hiyo ina matatizo makubwa. Jambo moja la kujihadhari: kwenye bodi nyingi za mashine za kufulia hata upande wa volti 5 umeunganishwa moja kwa moja na umeme wa ukutani, kwa hiyo usiiguse ikiwa imechomekwa, na usimruhusu kijana wa mtaani ajifunzie kwako.

Ukilazimika kununua mpya, muulize muuzaji maswali mawili kabla ya rangi na ukubwa: pipa la nje lina skrubu au limeyeyushwa, na spea zitapatikana kwa miaka mingapi. Umoja wa Ulaya tangu Machi 2021 unawalazimisha watengenezaji wa mashine za kufulia kuwa na spea muhimu kwa miaka 10 baada ya modeli kuacha kuuzwa. Ufaransa ilianza Januari mwaka huohuo kubandika alama, kati ya 0 na 10, ya jinsi chombo kinavyotengenezeka. Modeli nyingi zinauzwa kwingi duniani, kwa hiyo alama hizo unaweza kuzitafuta mtandaoni popote ulipo. Muuzaji akikucheka kwa swali la skrubu, nenda dukani kwingine.

Mashine ya mama, kama bodi yako imeshindikana, usiidharau, lakini usiichomeke kabla haijakaguliwa. Zungusha dramu kwa mkono: ikinguruma au ikicheza juu na chini, beringi inataka kubadilishwa, na hapo utafurahia zile skrubu. Mwambie fundi atazame waya wa umeme na nyaya za ndani, maana mpira na plastiki za miaka hiyo hukakamaa na kuachia. Apime kama waya wa ethi umeshika kwenye mwili wa chuma wa mashine. Abadilishe mipira ya maji hata kama inaonekana mizima, kwa sababu mpira uliozeeka hupasuka usiku. Brashi za mota zikiwa fupi kuliko sentimita moja, weka mpya sasa hivi. Itakula maji mengi kuliko mpya ya mlango wa mbele, hilo huna njia ya kulikwepa. Taima ikianza kuruka hatua, nunua ya pili iliyotumika mapema uihifadhi, kwa kuwa hizo ndizo spea zinazoadimika haraka. Dramu ikiwa imetulia na waya ni mzima, ichukue.